Pole Iliyotoka Shimoni

Namna Mzee Mwinshehe alivyofika Tamkoni haina haja ya kusimuliwa. Alifika kama alivyofika kwingine kote, kwa miguu na kwa kuuliza, na mtu aliyezunguka miaka arobaini akianza kuhesabu vumbi la njia, wasikilizaji watalala kabla hajaingia mjini. Tuseme tu kwamba asubuhi ya Jumatatu moja alikuwa amesimama kwenye njia panda ya jiji lile, mkoba begani, akitafuta mahali pa kunywa uji.

Palepale mbele yake mtu wa baiskeli akamgonga mama mmoja aliyebeba beseni la nyanya. Nyanya zikamwagika, nyingine zikapasuka, nyingine zikajiendea zao mtaroni. Yule mtu akashuka, akatoa mfukoni kibao kidogo cha mti chenye namba, akamkabidhi mama. Mama akakipokea, akakifunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyesema kitu. Mtu akapanda baiskeli yake akaenda, mama akabaki ameinama anaokota.

Mzee Mwinshehe naye akainama. Akaokota nyanya tatu, akazifuta kwa shati lake, akasema kama ambavyo wewe na mimi tungesema:

"Pole, mama."

Njia nzima ikasimama. Muuza uji akaacha kukoroga. Mama wa nyanya akamtazama mzee kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, machozi yakamlengalenga, na kabla hajajua ajibu nini, askari mmoja mnene akawa ameshamshika Mzee Mwinshehe kiwiko.

"Nani amekuruhusu?"

"Kuruhusu nini? Kuokota nyanya?"

"Nyanya okota mpaka kesho. Hilo neno ulilolisema."

Akapelekwa kwa Bwana Songoro, Katibu wa Kauli Nzito. Alikuwa mtu mwembamba, mstaarabu, mwenye kalamu tatu mfukoni na kiti cha ziada kwa mgeni. Hakumfokea. Alimwagizia uji, akamngoja amalize, ndipo akaanza kumweleza kama mtu anayemfundisha mtoto wa shemeji.

"Hapa kwetu, mzee, kauli ni za aina mbili, nyepesi na nzito. Nyepesi ni bei, njia, mvua, na nipishe nipite. Hizo kila mtu ana ruhusa nazo. Nzito ni pole, samahani, nakupenda, ahsante ile ya moyoni, na kwaheri isiyo na kurudi. Hizo haziachiwi mtu tu."

"Zinaachiwa nani?"

"Wenye ujuzi." Akaelekeza kalamu dirishani. Ng'ambo ya uwanja lilikuwapo jengo kubwa la mawe lenye ngazi pana, na juu ya mlango limeandikwa neno moja: JUMBA.

Zamani, alisema Bwana Songoro, watu wa Tamkoni walikuwa wanajisemea wenyewe, na walikuwa wanasema vibaya. Mtu anaomba radhi huku anajikuna. Mtu anatoa pole msibani, macho yako kwenye sufuria ya wali. Ndoa zilivunjika. Kuna shamba zima lilichomwa moto kwa sababu ya samahani moja iliyosemwa kwa pua. Wazee wakakaa wakaona heri kauli nzito wapewe watu wenye sauti, wenye uso, waliozifanyia mazoezi. Kikaundwa Kikundi cha Jumba: waigizaji kumi na wawili na michezo saba, kila mchezo na siku yake, wiki hata wiki, bila kuongeza wala kupunguza. Jumatatu Radhi, Jumanne Posa, Jumatano Shukrani, Alhamisi Mazishi, Ijumaa Upatanisho, Jumamosi Kuaga.

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni mchezo wa kuchekesha. Kucheka nako kulikuwa kumeshaanza kuharibika."

Mwenye jambo aliandikisha jina lake. Siku ikifika alikaa kiti cha mbele, waigizaji wakasema, yeye akasikiliza, na jambo lake likahesabika limesemwa. Lisilosemwa jukwaani halijasemwa. Kile kibao cha mtu wa baiskeli kilikuwa ni namba ya foleni ya Radhi.

Mzee Mwinshehe alikuwa amesoma darasa la kwanza pwani, la tatu bara, na la pili hakumbuki wapi. Hakuwa mtu wa kubishana na makatibu. Isitoshe, moyoni mwake alijua kuna pole na kwaheri kadhaa alizoziacha njiani bila kuzisema, na yeye kwao hakukuwa na sheria iliyomzuia. Kwa hiyo akaweka bakuli chini.

"Kwa kosa la kunena uzito bila kibali," akaandika Bwana Songoro, "mgeni atakabidhiwa kwa mnong'onezi wa Jumba kwa siku saba, akafundishwe kunyamaza. Ongeza uji?"

*

Mnong'onezi alikaa shimoni. Ukingoni mwa jukwaa, katikati, palikuwa na tundu lililofunikwa kwa kibanda kidogo mfano wa gamba la kobe, upande wa watazamaji kumezibwa, upande wa waigizaji kuwazi. Humo ndani mlikuwa na kigoda, taa, na kitabu cha michezo saba. Mwigizaji akisahau mstari, mnong'onezi alihesabu pumzi tatu, kisha akamnong'oneza. Kazi yake ni hiyo tu. Hakutakiwa kuonekana, wala kusikika na mwingine, wala kusema neno ambalo halimo kitabuni.

Alikuwa anaitwa Vuai. Umri wake ulikaribia sitini. Bega moja limepinda kwa kukaa shimoni, na sauti yake, hata nje, hata nyumbani, hata anapomwita mbuzi, ilikuwa mnong'ono. Miaka thelathini ilikuwa imeipunguza mpaka ikabaki hapo. Alimpokea Mzee Mwinshehe kwa mikono miwili, akamwekea kigoda cha pili humo shimoni, wakabanana magoti kama vifaranga.

"Utanifundisha kunyamaza vipi?" aliuliza mzee.

"Mimi mwenyewe sijui kama ni kunyamaza," Vuai alinong'ona. "Kaa tu. Utazoea."

Alasiri ile ulichezwa mchezo wa Radhi, na hapo ndipo mzee alipomwona Bi Kidawa.

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshiba umbo, mvi zimeanzia juu ya masikio, na ndiye aliyecheza Mama katika michezo yote. Kiti cha mbele alikuwa amekaa jamaa mmoja aliyemkosea kaka yake, anakula karanga. Kaka mwenyewe, kiti cha pili, alisinzia mapema. Lakini Bi Kidawa aliposema, "Njoo, mwanangu, lililokwisha limekwisha," karanga zilikoma. Maneno yalikuwa yaleyale ya kila Jumatatu, hata mfagiaji wa Jumba aliyajua. Yeye aliyasema kana kwamba ameyatoa jikoni sasa hivi, yangali na moto.

Mahali pamoja akasita. Vuai akahesabu pumzi tatu, akanong'ona, na mstari ukatoka mdomoni mwa Bi Kidawa bila hata jicho kupepesa.

"Hakufikiri hata kidogo," mzee alisema baadaye.

"Hafikiri. Kinachotoka shimoni hupita mdomoni kabla ya kupita akilini. Miaka thelathini, kaka. Nikimwambia paa linaungua atasema paa linaungua, kwa sauti tamu, kisha ndipo atakimbia."

"Mnaelewana sana."

Vuai akafunga kitabu. "Alikuwa mke wangu."

*

Habari yenyewe Mzee Mwinshehe aliipata vipande vipande, maana mtu wa kunong'ona hana hadithi ndefu. Kufikia Jumatano alikuwa ameshaiunga.

Vuai na Kidawa walipata mtoto mmoja tu, wa kike, tena watu walipokuwa wameshakata tamaa. Wakamwita Mize. Alipofikia miaka sita akaugua homa, siku ya tatu akafa. Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, na kila maiti wa Tamkoni lazima achezewe Mazishi, la sivyo hahesabiki amezikwa. Mama katika Mazishi ni nani? Ni Kidawa. Hakukuwa na mwingine aliyejua sehemu ile. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza, na yeye hakusema kwamba hawezi. Akavaa kaniki, akapanda jukwaani.

Mstari ulikuwa: "Ewe ardhi, pokea amana, sisi tumeshakubali." Akafika kwenye "sisi", akasimama.

"Nikahesabu pumzi tatu," Vuai alinong'ona. Walikuwa wamekaa uani kwake, mbuzi anakula maganda. "Moja, mbili, tatu. Nikampa mstari. 'Tumeshakubali.' Nilidhani amesahau. Naapa nilidhani amesahau. Akanitazama mle shimoni, akausema, akamaliza mchezo wote. Jioni akachukua godoro lake kwenda kwa shangazi yake." Akamsogezea mbuzi ganda. "Mke wangu anamlilia mtoto wetu, mimi nampa mstari."

Tangu hapo ilikuwa miaka kumi na mmoja. Kila alasiri walikuwa na hatua mbili baina yao, na hakupata kumwambia neno lisilomo kitabuni. Nje ya Jumba pole ni kosa la jinai. Ndani ya Jumba kulikuwa na Kifungu cha Kinyozi: kwa kuwa kinyozi hajinyoi, mtu wa Kikundi haandikishi jambo lake. Naye Bi Kidawa alikuwa anastaafu Jumamosi ileile, anahamia bara kwa kaka yake. Zilibaki siku tatu, na baada ya hapo Vuai asingekuwa na hata mstari wa kumpa.

"Unataka kumwambia nini?" mzee aliuliza.

"Pole."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, kaka. Sitaki arudi. Nataka tu aambiwe. Hakuna aliyemwambia."

Mzee Mwinshehe akasimama, akakung'uta suruali. "Mimi si mtu wa Kikundi. Nitaandikisha mimi."

Bwana Songoro alimpokea kwa furaha, maana wageni walikuwa nadra kuandikisha. Akafungua daftari la makosa, lenye makosa mia moja na arobaini yanayotambuliwa.

"Umemkosea nani?"

"Mtu."

"Kosa gani?"

"Nilimpa mstari, alipokuwa hataki mstari."

Bwana Songoro akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. "Kumpa mtu maneno mabaya, lipo. Kumnyima mtu maneno, lipo. Kumpa mtu maneno sahihi..." Akavua miwani. "Mzee, hilo si kosa. Hiyo ni kazi."

"Lakini aliumia."

"Aliumia sehemu gani?"

Mzee akatazama dirishani, ng'ambo ya uwanja.

"Basi nitaliweka kwenye kukanyaga mguu," Bwana Songoro alisema kwa huruma ya kweli. "Ndilo lenye nafasi. Mwigizaji atasema samahani nilikukanyaga, na wewe ndani ya roho yako utajua maana yake. Watu wengi tunawafanyia hivyo. Kuna mjane mmoja alilia sana kwenye kukanyaga mguu."

"Lini?"

"Foleni ya kukanyaga mguu ni miezi kumi na minne."

Mzee alirudi na kibao chenye namba. Vuai akakishika, akakigeuza, akamrudishia.

"Sema mwenyewe," mzee alisema. "Mfuate kwake, umwambie."

"Nitafungwa."

"Utafungwa wapi, bwana? Umekaa shimoni miaka thelathini."

Ilikuwa mara ya kwanza mzee kumwona Vuai akicheka. Alicheka kwa mnong'ono pia, mabega tu yakitikisika, na Jumapili ilikuwa bado.

*

Alhamisi walimzika fundi viatu mmoja aliyekufa kwa uzee, na Jumba lilijaa, kwa kuwa wengi walijua ni mara ya mwisho Bi Kidawa kucheza Mazishi. Mjane wa fundi alikaa mbele, mikono mapajani, kama abiria anayengoja chombo.

Bi Kidawa akatoka amevaa kaniki. Akasema ya mwanzo, akasema ya kati. Akapiga magoti karibu kabisa na shimo, mzee akaona hata mshono wa nguo yake.

"Ewe ardhi," akasema, "pokea amana. Sisi..."

Akasimama.

Vuai alikuwa na kitabu wazi magotini, kidole kwenye mstari. Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Mzee Mwinshehe alisikia moyo wa mwenzake ukigonga, au labda ulikuwa wake, walikuwa wamebanana mno kujua. Pumzi ya tatu. Kidole cha Vuai kikaondoka kwenye mstari.

"Pole, Mama Mize," akanong'ona.

Na Bi Kidawa, kwa ile sauti yake inayofika hadi viti vya nyuma, akatamka: "Pole, Mama Mize."

Kisha akasikia alichokisema.

Katika Mazishi maiti huitwa "amana", yeyote awaye. Jina la mtu halikupata kutajwa pale tangu mawe yajengwe. Bi Kidawa akateremsha macho shimoni. Hawakutazamana muda mrefu. Akaweka kiganja kwenye mbao za jukwaa kama mtu anayepima kama chungu kimepoa. Pazia likafungwa kabla ya wakati, na mjane wa fundi viatu akageuka akamwuliza jirani yake, "Mize ndiye nani?", akaambiwa, akaanza kulia, na hakuna aliyekumbuka kumkataza.

*

Ijumaa asubuhi likakaa Baraza la Kauli, watu tisa, ukumbini mwa Jumba. Shauri lilikuwa moja: pole imetolewa jukwaani, kwa hiyo imesemwa, je, nani amempa nani?

"Ni mnong'onezi," alisema mjumbe wa kwanza. "Pumzi ni yake. Afukuzwe kazi, afungwe."

"Taratibu," alisema wa pili, mzee aliyeshika mkongojo. "Tukisema neno ni la mwenye pumzi, basi kila mstari alionong'ona Vuai kwa miaka thelathini ni wa Vuai. Mimi mwenyewe nilipoposa, mwigizaji alisahau 'nakupenda', akanong'onezwa. Mke wangu ameolewa na nani?"

Baraza likachemka.

"Mimi baba yangu alizikwa kwa mstari wa shimoni," alisema mwingine. "Nikamfukue?"

"Hilo shimo liko jukwaani au chini ya jukwaa?"

"Na mnong'ono ni kauli? Una uzito gani? Ulipimwa?"

Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Mwisho wakapiga kura, kwa ajili ya amani ya ndoa na makaburi, kwamba neno ni la mdomo uliolitamka. Shimo halikusema. Shimo halijawahi kusema. Vuai hana kosa, kwa sababu Vuai hakutamka chochote. Kwa mujibu wa sheria, Bi Kidawa alimpa pole Bi Kidawa, na kwa kuwa pole iliyotolewa haiwezi kuachwa ikining'inia, kesho yake, kabla hajaagwa, atapanda jukwaani aijibu.

Mzee Mwinshehe alimtazama Vuai, akitegemea kuona ahueni. Uso ulikuwa umemporomoka.

"Umesamehewa, bwana."

"Sikusema," Vuai alinong'ona. "Hujasikia? Wameamua sikusema."

*

Jumamosi watu walikaa hata kwenye ngazi. Bwana Songoro akatoka mbele na karatasi, akakohoa kistaarabu.

"Bi Kidawa, Bi Kidawa amekupa pole ya kufiwa na mtoto. Je, umepoa?"

Jibu ni moja tu, na limo kitabuni: nimeshapoa. Ndivyo linavyojibiwa kila Alhamisi, maiti awe wa jana au wa leo.

Bi Kidawa alisimama katikati, amevaa kanga mpya za kuagwa. Hakujibu. Bwana Songoro akangoja, akatazama shimoni, akafanya ishara ya mkono: mpe. Watu wa mbele wakaiona ishara. Vuai alikuwa na ukurasa wazi. Pumzi tatu zikapita, zikapita nyingine tatu. Bwana Songoro akainama kidogo. "Mnong'onezi. Mpe mstari."

Vuai akafunga kitabu, akaweka kiganja mdomoni mwake, akakibana kwa kiganja cha pili.

Basi Bi Kidawa akanyamaza muda aliotaka mwenyewe. Ulikuwa muda mrefu. Mtoto mmoja alilia akabembelezwa, njiwa wakatembea juu ya paa, na watu wa Tamkoni, ambao hawakupata kuona mtu akikaa jukwaani bila neno, waliona haya mwanzoni, kisha haya ikawatoka.

"Sijapoa," akasema.

Bwana Songoro akafungua karatasi ya pili.

"Miaka kumi na mmoja, sijapoa. Mnasema mimi ndiye niliyejipa pole. Haya. Labda nilikuwa nayo deni, maana siku ile hakuna aliyenipandisha hapa kwa kamba. Ningeweza kukataa. Nimejilaumu kwa hilo kuliko nilivyomlaumu mtu mwingine, na hili nalisema leo kwa mara ya kwanza." Akavuta kanga begani. "Lakini ile sauti ya juzi naijua, na haikuwa yangu. Mwenyewe akitaka aje nyumbani anipe tena. Sitaondoka leo. Nitaondoka Jumatatu."

"Nyumbani?" Bwana Songoro aliuliza, kwa upole wa mtu aliyepotea. "Nyumbani hapana jukwaa, bibi."

"Ipo baraza. Ina kivuli."

Hakupitia nyuma ya pazia kama wenzake. Alishuka ngazi za mbele, akapita katikati ya watu, na watu wakampisha.

*

Jumapili asubuhi Vuai alivaa kanzu, akavua, akavaa shati. Akamwomba Mzee Mwinshehe amsindikize mpaka nje tu. Njia nzima alikuwa anasogeza midomo kama mtu anayejaribu jino bovu.

Bi Kidawa alikuwa kibarazani kwa shangazi yake, ungo mapajani, anachambua mchele. Madirisha ya mtaa yalikuwa wazi nusu nusu, na kwenye kona alisimama askari yule mnene, ambaye hakuwa ameamua kama hapa ni kazini au la.

"Hodi."

"Karibu."

Vuai akasimama mbele yake. Akanong'ona.

"Sema kwa sauti," Bi Kidawa alisema, hakuinua macho. "Hapa si shimoni, na masikio yangu si ya zamani."

Akajaribu tena. Ilitoka sauti ya ajabu, yenye kutu, kubwa mno kisha ndogo mno, sauti ya bawaba ya mlango wa stoo. Mwigizaji wa Jumba angefukuzwa kwa sauti ile. "Pole."

"Pole ya nini?"

"Ya Mize. Na ya... ya ule mstari. Nilidhani umesahau."

"Nilijua ulidhani nimesahau," Bi Kidawa alisema. "Ndilo lililoniuma. Wewe ndiye ulipaswa kujua kwamba sijasahau."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakungoja ulie na wewe."

Vuai akatazama miguu yake. Mwanamke yule akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. Akaokota kingine. Kisha akaweka ungo pembeni, akamtazama vizuri, bega lile lililopinda na shati lililokosa kifungo.

"Hivi wewe, siku ile, nani alikupa pole?"

Vuai akafungua mdomo. Alijua michezo saba kwa moyo, mbele na nyuma, sehemu za watu kumi na wawili. Akatafuta humo kote.

"Sikumbuki mtu," akasema.

"Ulikuwa shimoni. Hakuna aliyekuona." Akasogea, akampa nafasi mkekani. "Pole na wewe, Baba Mize."

Miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwita jina hilo. Akakaa, akafunika uso, na safari hii kilichotoka hakikuwa mnong'ono. Kilisikika mpaka kwenye kona, na askari mnene akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena, akaenda kutazama mtaa mwingine.

Bi Kidawa alingoja. Hakusema nyamaza, hakusema Mungu ndiye mpangaji. Kilio kilipopungua akavuta ungo, akauweka katikati yao, nusu kwake nusu kwake.

"Nina macho mabovu siku hizi," akasema. "Chambua upande wako. Mawe yapo mengi. Halafu nataka kukuuliza lile gauni lake la manjano ulilipeleka wapi, maana nililitafuta sana."

"Ninalo," Vuai alisema kwa sauti. "Lipo kwangu. Nimelikunja."

Mzee Mwinshehe alikuwa bado amesimama nje ya ua, mkoba begani, na maneno yalikuwa yanasikika vizuri kabisa. Katika maisha yake yote hakupata kuondoka mahali mazungumzo yakiwa yamenoga. Safari hii aliondoka.